Nilikamua Damu, Jioni Nikawa Mchawi

Asubuhi nilikamua ng'ombe, ikatoka damu.

Kufika jioni, mimi ni mchawi.

Sitanii. Jua lilikuwa halijazama vizuri, na tayari kikao kimekaa, hukumu imetoka: mchinjaji aitwe. Si wa kunichinja mimi. Ingawa kwa macho niliyokuwa naangaliwa nayo, naona hilo nalo lilijadiliwa.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua wapo watakaosoma mistari miwili wakimbilie kwenye komenti kuuliza "kwani ilikuwaje?" Tulieni. Ninasema yote.

Tulikuwa tunaishi nyumba moja kubwa, nyumba ya kwao mume wangu. Mbele vyumba, nyuma banda la ng'ombe: sakafu ya saruji, mabati yanayovuja upande wa hori. Ng'ombe watano. Wanne ni wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Mmoja ni wangu.

Huyo mmoja anaitwa Tulia. Si kwamba ametulia. Ni kwamba hilo ndilo neno nililokuwa namwambia kutwa, mwisho akadhani ndilo jina lake.

Tulia nilipewa na mama yangu mzazi akiwa bado ndama, wakati naondoka kwetu. Mama aliniambia, "Mwanangu, kwa watu usiende mikono mitupu. Ukiwa na chako, hata ukinyamaza unasikika."

Na kweli. Mle ndani kila kitu kilikuwa cha kwao, mpaka mwiko niliokuwa nasongea. Wangu alikuwa Tulia peke yake. Hilo naomba mliweke kichwani.

Sasa, shemeji.

Shemeji alijulikana kwa jina la Mtaalamu. Hakuna aliyempa hilo jina, alijibatiza mwenyewe. Alienda semina ya ufugaji, akarudi na koti jeupe kama la daktari, kofia, na taulo la bluu lenye nembo. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa karibu na ng'ombe bila idhini yake.

Mtu mwenyewe kabla ya semina aliwahi kuniuliza, "Shemeji, mbona yule mweusi hamumkamui?"

Yule mweusi lilikuwa dume la jirani, limeletwa kupandisha.

Huyo ndiye Mtaalamu. Akafungua na grupu kwenye simu, "Ufugaji wa Kisasa na Mtaalamu". Watu wazima na akili zao wakajiunga, wanauliza maswali, yeye anajibu akiwa amelala kitandani. Picha yake ya grupu alipiga amemkumbatia ng'ombe wake mkubwa, Malkia.

Malkia alikuwa ng'ombe wa kujionyesha. Mrefu, madoa meupe na meusi, kiwele kinaning'inia utadhani amebeba furushi. Mtaalamu alimpenda yule ng'ombe kuliko mkewe. Mkewe alishaondoka zamani, na wala simlaumu.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Mimi na mume wangu tunakamua. Mtaalamu hakamui, Mtaalamu anasimamia.

Anaingia na koti lake. Mkono mmoja ndoo ya maji yenye dawa, mkono mwingine taulo la semina. Anachovya, anakamua maji, anaanza kumfuta Malkia kiwele. Lazima aanze na Malkia, kwa heshima. Halafu anachovya tena kwenye ndoo ileile, anamfuta wa pili. Anachovya, wa tatu. Wa nne. Wa mwisho Tulia, maana si wake.

"Usafi!" anasema, simu imesimamishwa kwenye dirisha inamrekodi. "Usafi ndio ufugaji!"

Lile taulo lilikuwa limeshabadilika rangi. Bluu ilikuwa imekata tamaa. Siku moja nikamwambia kwa adabu zote, "Shemeji, hili taulo si tulifue tulianike juani?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia kichaa wa mtaani.

"Shemeji, hilo limelowa dawa. Dawa haifuliwi."

Dawa haifuliwi. Mkitaka kumjua mtu, hiyo sentensi inatosha.

Basi asubuhi hiyo nikakaa kwenye kigoda kumkamua Tulia. Kawaida yake hupiga teke kwa tabia tu, kama mtu anayesalimia. Siku hiyo alipiga teke la maumivu. Nikajua kuna jambo.

Nikagusa kiwele. Chuchu ya nyuma kushoto, upande wote umevimba, mgumu, unachoma kwa joto. Nikabana taratibu. Yakatoka maji ya njano yenye vidonge vidonge kama maziwa yaliyokatika. Nikabana tena.

Damu.

Ndoo yangu nyeupe. Wekundu ule ulionekana wazi mle ndani.

"Mungu wangu," nikasema. "Mama wee, Tulia wangu!"

Mume wangu alikuwa ng'ombe wa pili kutoka nilipo. Akaja, akachungulia ndoo, akafanya jambo ambalo amelifanya tangu azaliwe: akakimbia kumwita kaka yake.

Mtaalamu akaja. Akainama, akashika kidevu. Chake, si cha ng'ombe.

"Hii si ya kawaida," akasema.

"Ni ugonjwa wa kiwele, shemeji. Tumwite daktari wa mifugo mapema, atapona."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani nini?"

"Ugonjwa wa kiwele ni wa mabanda machafu. Banda langu ni safi, kuna video."

Jamani. Ng'ombe anatoa damu mbele ya macho yake, yeye ushahidi wake ni video.

"Kama si ugonjwa, ni nini?" nikamuuliza.

Hakujibu. Alikaa kimya ule ukimya wa mtu anayetaka mwingine aseme. Na wa kusema alikuwa anakuja, namsikia ndala zake kwenye saruji.

Mama mkwe.

Mama mkwe wangu hakuna jambo asilolijua likishatokea. Akachungulia ndoo, akapiga kofi mikono yake miwili.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu!"

"Ulijua nini, mama?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwanawe mkubwa. "Baba, hesabu mwenyewe. Wiki ile ng'ombe wako wa tatu maziwa yalitoka na madonge. Hujakaa sawa, huyu katoa damu. Na mimi je? Mimi mwezi uliopita sikuvimba midomo? Sikuota vipele mwili mzima nikashindwa kupumua? Wote humu ndani tunashikwa na mkono wa nani? Nani anapika? Nani anakamua?"

Wote wakanigeukia.

Hata ng'ombe, naapa, nao wakageuka. Lakini wao walikuwa wanasubiri pumba.

Jioni kikao. Sebuleni kila mtu ana kiti, mimi nimepewa ndoo iliyopinduliwa. Mtaalamu kavaa koti lake jeupe kwenye kikao cha familia. Sijui alikuwa anakwenda kumpima nani.

"Sisi hatumtuhumu mtu," akaanza.

Ukisikia hivyo, jua umeshatuhumiwa.

"Hatumtuhumu mtu. Lakini kitaalamu, chanzo cha tatizo kinaondolewa. Huyu ng'ombe amekuja na kitu kutoka kwao. Kesho mchinjaji aje amchukue, kabla hajaniharibia Malkia. Baada ya hapo tutaangalia."

"Mtaangalia nini?" nikauliza.

Mama mkwe akajibu akiwa anaangalia ukuta. "Tutaangalia kama aliyekuja naye abaki au amfuate."

Hapo sasa ikawa wazi. Kesho anaondoka Tulia, keshokutwa naondoka mimi. Nirudi kwa mama yangu bila ng'ombe, bila ndoa, na jina la uchawi mgongoni. Jina hilo halifutiki. Ukilipata hata wanao watalirithi.

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe unasemaje?"

Akaangalia dari. Dari yetu haina kitu.

"Kaka ameshasema..." akajibu.

Tulipoingia chumbani nikamuuliza, "Wewe ni mume au ni bahasha? Maana naona unatumwa tu, ndani yako maneno ya watu wengine."

"Mke wangu, usiongeze moto."

"Nani anayemwita mchinjaji?"

Akaanza kuvua viatu.

"Nani?"

"Kaka amenituma mimi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Yule mwanamume alikaa ukingoni mwa kitanda ananishika bega, na bado asubuhi alienda kumwita mchinjaji. Mtu mzuri sana mume wangu. Wema wake ungekuwa na uti wa mgongo, ningekuwa mbali.

Lakini na mimi asubuhi nilitoka. Nilijaza maziwa ya Tulia kwenye chupa, yale yale mekundu, nikaenda kituo cha kupokelea maziwa. Pale kuna daktari wa mifugo, mama mmoja wa buti za mpira, sauti yake ikianza kuongea mlangoni unaisikia barabarani.

Akaiinua chupa kwenye mwanga.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Mmemtibu na nini?"

"Na kikao, dokta."

"Na nini?"

"Kikao cha familia. Imeonekana mimi ni mchawi."

Yule mama aliniangalia, akaangalia chupa, akakaa juu ya keni la maziwa akacheka hadi akajishika ubavu. Halafu akanyamaza ghafla, akachukua sanduku lake.

"Twende kabla hawajamchinja ng'ombe wa watu."

Tunafika nyumbani, mchinjaji ameshafika. Anamzunguka Tulia taratibu, kijiti mdomoni, kamba begani. Anamwangalia mapaja.

"Kaka, subiri kidogo," nikamwambia. "Huyu ng'ombe ni wangu, na sijamuuza."

"Mimi sina haraka, dada," akasema. "Na sina upande. Nina kisu tu."

Mtaalamu akatokea na koti. Alipomwona daktari akanyoosha kola.

"Dokta, karibu. Na mimi ni mwenzako kwenye fani."

Daktari akamwangalia kuanzia kofia mpaka viatu. "Fani gani?"

"Ufugaji wa kisasa. Nina grupu."

"Pole," daktari akasema, akampita.

Akanawa mikono kwa sabuni. Akatoa kibao cheupe chenye vikombe vinne vifupi, kimoja kwa kila chuchu. Anakamulia kidogo kidogo kila kikombe, anatia dawa ya zambarau, anakizungusha kibao taratibu.

"Maziwa mazima yanabaki maji," akatueleza. "Maziwa ya kiwele kigonjwa yanaganda. Na yanaganda hata kama kwa macho unayaona meupe, mazuri. Kuna ugonjwa unaojionyesha na kuna unaojificha. Unaojionyesha ni nafuu, maana utamwita daktari. Au mchinjaji."

Tulia: kikombe kimoja kikaganda kabisa. Vitatu maji.

"Chuchu tatu nzima," daktari akasema. "Huyu anatibika. Mlitaka kumchinja kwa sababu gani hasa?"

Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti, amekaa mlangoni mwa banda na kujifunika shuka lake, midomo kaikunja.

Daktari akaendelea na wengine. Mmoja yakaganda kidogo, mwingine kidogo. Akamfikia Malkia.

"Huyo usijisumbue," Mtaalamu akasema. "Huyo ndiye ng'ombe wa mfano."

Daktari akakamulia kwenye kibao. Maziwa meupe, safi, hata mimi ningeyanywa. Akatia dawa, akazungusha mara moja.

Yakawa kamasi.

Samahani kwa lugha, lakini sina neno jingine. Vikombe viwili viliganda vikawa uteute, ukiinamisha kibao vinavutana badala ya kumwagika. Mchinjaji mwenyewe, mtu anayeshinda na matumbo ya ng'ombe, alirudi nyuma hatua moja.

"Hiki kibao kibovu," Mtaalamu akasema.

"Kibao kilikuwa kizima kwa ng'ombe wa shemeji yako," daktari akamjibu. "Huyu wako ndiye kisima. Wengine wote wanachota kwake. Swali langu ni moja, wanachotaje?"

Akaangaza macho bandani. Yakatua kwenye ndoo. Ndani ya ndoo, taulo.

Akalinyanyua kwa vidole viwili. Lilitoa harufu ambayo sitaisahau, na maji yake yalidondoka mazito.

"Hili ni la nini?"

"La kufutia viwele," Mtaalamu akasema, kifua mbele. "Utaratibu wa semina."

"La ng'ombe yupi?"

"Wote."

"Unaanza na nani?"

"Malkia."

"Unamaliza na nani?"

Akasita. "Na... huyo wa shemeji."

Daktari akavuta pumzi. Akamuuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Kwenye semina yenu mlifundishiwa na ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

"Na taulo?"

"Moja."

"Hapa nyumbani una ng'ombe wangapi, baba?"

Mtaalamu akaanza kuwahesabu kwa vidole. Unaona kabisa hesabu inapanda mlima kichwani mwake. Aliona ng'ombe mmoja na taulo moja, akaja kulitembeza kwa watano, na kila asubuhi alikuwa anachukua ugonjwa kwa Malkia anatugawia sisi wengine, huku anajirekodi.

Mimi sikusema neno. Kuna raha nyingine ukiziongelea zinapungua.

Lakini ng'ombe wangu alikuwa bado ana kamba ya mchinjaji karibu, na mama mkwe bado ananiangalia mimi.

"Sawa, taulo," mama mkwe akasema. "Na midomo yangu? Mimi nilifutwa na taulo?"

Daktari akainama kwa Malkia, akawa anapapasa kiwele kwa vidole, polepole, anatafuta. Akasimama sehemu moja.

"Hapa pana uvimbe mgumu wa siku nyingi. Huyu aliwahi kuugua hapa. Nani alimtibu?"

"Hajawahi kuugua," Mtaalamu akasema haraka.

Na hapo, ndugu zangu, Mungu akamfungua mdomo mama mkwe wangu.

Alikaa vizuri kwenye kiti. Uso ukamng'aa. Alikuwa ameona mwanawe anaaibishwa mbele ya watu, na mama ni mama, akaamua kumwokoa.

"Baba, mbona unaficha sifa zako? Dokta, huyu mwanangu alimtibu Malkia mwenyewe! Mwezi uliopita alivimba hapo hapo. Mwanangu akanunua dawa zile za kuingiza kwenye chuchu, akamwingizia asubuhi moja tu. Jioni ng'ombe mzima! Dawa zilizobaki akaziweka, hapendi kupoteza."

"Mama, basi," Mtaalamu akasema.

"Basi nini? Acha watu wajue!"

"Aliingiza mara moja tu?" daktari akauliza.

"Moja! Hakumaliza hata pakiti!"

Daktari akafumba macho. "Ndiyo maana ugonjwa ulijificha badala ya kuondoka. Dozi haiishi kwa sababu ng'ombe ameonekana mzima. Inaisha ikiisha. Na maziwa ya siku hiyo mlimwaga?"

"Yamwagwe!" Mama mkwe akacheka. "Mwanangu si mharibifu. Alisema kituoni wakiyapima watayakataa kwa sababu ya dawa. Akaniletea mimi, jagi zima. Akaniambia, 'Mama, kunywa upate nguvu.'"

Hata Tulia aliacha kucheua.

"Ilikuwa dawa gani?" daktari akamuuliza Mtaalamu.

Akanong'ona kitu kwenye kola yake.

"Sema wote tusikie."

"Penisilini."

Sasa ili mwelewe kilichotokea, lazima mjue kwamba katika nyumba ile kila mtu, mpaka wageni wa siku moja, alijua kuwa mama mkwe hapatani na penisilini. Alichomwa hospitali akiwa binti, nusura afe, daktari akamkataza maisha yake yote. Hadithi hiyo tulipewa kila wiki. Mwanawe mkubwa aliisikia tangu akiwa mgongoni.

"Penisilini?" mama mkwe akarudia, taratibu. "Penisilini mimi si nilikatazwa?"

"Mama, mimi nilidhani kwenye maziwa haiwezi..."

"Lile jagi nilikunywa jioni. Usiku nikavimba midomo." Alikuwa anaongea kama mtu anayepapasa ukuta gizani anatafuta swichi. "Ukanishika mkono, ukaniambia, 'Mama, hiki chakula kapika nani?' Wewe ndiye uliyeniambia hivyo. Wewe."

Mtaalamu akaangalia juu, kwenye mabati ya banda. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Mchinjaji akatoa kijiti mdomoni.

"Kumbe mchawi amevaa koti," akasema.

Sitasahau hiyo sentensi mpaka nakufa.

Mama mkwe alisimama. Mguu mbovu, kiuno kibovu, lakini alisimama. Akachukua lile taulo mkononi mwa daktari, likiwa limelowa vile vile, akamchapa nalo mwanawe usoni. Chwaa! Kofia ikaruka hadi kwenye hori. Akamchapa la pili, nembo ikambaki shavuni.

"Ungeniua!" akapiga kelele. "Ungeniua, ungenizika, halafu ungemfukuza mtoto wa watu!"

Mume wangu akaenda mbio kumzuia. Nikamshika shati.

"Acha," nikamwambia. "Kwa mara moja, usitumwe."

Akabaki.

Daktari akaeleza la mwisho. Malkia uvimbe wake ni wa siku nyingi, umeshakuwa kovu ndani. Unaweza kujaribu kumtibu, lakini matumaini ni madogo, na akibaki bandani ataendelea kuwagawia wenzake. Dawa ile ya zamani imeshatoka mwilini, atakaguliwa machinjioni kama ng'ombe mwingine yeyote.

"Aamue mwenye ng'ombe," akasema.

"Ameshaamua," mama mkwe akajibu, na mwenye ng'ombe akiwa amesimama pale pale anajipangusa shavu.

Mchinjaji akaishusha kamba begani, akampita Tulia, akaenda kumfunga Malkia. Mtaalamu alilia. Mama yake aliponusurika kufa hakulia, alilia kwa ng'ombe wa picha.

Tulia tulimtibu. Dozi yote, hadi ya mwisho, hata alipoonekana mzima. Chuchu inasafishwa kabla ya dawa, kila mara namkamua upande ule mpaka uishe, namkanda kwa maji ya moto, na maziwa yake yote tunamwaga mpaka daktari alipotamka kwamba sasa ruksa. Ile chuchu moja haikurudi. Anatoa kwa tatu, na teke lake liko pale pale.

Nilichana mashuka yangu ya zamani. Kila ng'ombe kitambaa chake, kinafuliwa, kinaanikwa juani. Mikono nanawa nikitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Michirizi ya kwanza nakamulia kwenye kikombe cheusi niyaone maziwa kabla hayajaingia ndooni. Mwenye wasiwasi anakamuliwa mwisho. Nikimaliza nachovya chuchu kwenye dawa, halafu nawawekea majani wasimame wakila, wasilale chini chuchu zikiwa bado wazi. Hiyo ndiyo habari yote. Haihitaji koti.

Mume wangu siku hizi anaweza kumaliza sentensi nzima mbele ya kaka yake. Nampongeza, mtoto hukua.

Na Mtaalamu? Mnadhani alijifungia ndani kwa aibu? Wiki iliyofuata aliandika kwenye grupu lake, "Leo nitawafundisha chanzo cha ugonjwa wa kiwele ambacho wafugaji wengi hawakijui." Watu wakamwekea vikopa. Picha ya grupu amebadilisha, sasa amemkumbatia Tulia. Anasema ni ng'ombe wake wa mfano. Aibu inahitaji mahali pa kukaa, na mle ndani hakuna nafasi.

Funzo langu nalisema bila kulipaka mafuta. Ng'ombe akiugua, muite anayejua ng'ombe. Dawa ukiianza, imalize, na maziwa yenye dawa mwaga, usimpe mama yako wala mteja wako. Na anayekuja mbio kukuonyesha mchawi, kabla hujageuka kutazama anakoonyesha, muulize yeye jana alikuwa anafanya nini.

Mama mkwe hajaniomba msamaha mpaka leo, na wala simsubiri. Watu wa umri wake neno "nisamehe" huwakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Lakini kila asubuhi anakaa mlangoni mwa jiko na kikombe chake. Mwanawe mkubwa akimpelekea maziwa, anauliza kwanza, "Kakamua nani?" Akijibu "Mimi, mama," yanakwenda kwa paka.

Nikipeleka mimi, haulizi. Anakunywa mpaka tone la mwisho, anafuta midomo, ananirudishia kikombe.